Upepo Kwenye Breki za Mama Mkwe

Fundi Dakika alitumwa na mkewe kwenda kuchukua ufunguo wa pikipiki kwa mama mkwe, na mwanamume aliyetumwa kazi ya namna hiyo hana pa kushika. Akifaulu, amemkosea mama mkwe. Akishindwa, amemkosea mke, na huyo ndiye anayelala naye nyumba moja. Jumamosi hiyo alitoka asubuhi na suruali yake ya kazini, mkoba wa spana begani, akijiambia kwamba jambo lenyewe ni la dakika tu. Ndivyo alivyopata jina lake. Mteja akiuliza kazi itaisha lini, yeye husema "dakika tu", na mara nyingi ilikuwa kweli, maana mikono yake ilikuwa myepesi na alikuwa na miaka kumi na sita ya gereji nyuma yake.

Kilichozua yote ni birika. Wiki mbili nyuma, mama mkwe alikuwa akimmiminia binti yake chai, birika likamponyoka na kuanguka sakafuni. Hakuungua mtu. Lakini binti aliviona vidole vya mama yake, aliona vilivyokataa kufunga, na tangu siku hiyo usingizi ulimpaa. Maradhi ya viungo yalikuwa yamemwingia mama vidoleni miaka mitano sasa, na kila mwaka yalijiongezea nafasi kidogo.

"Mkono ulioshindwa birika utaiwezaje breki?" mke alimuuliza Fundi Dakika asubuhi hiyo, huku akimfunga kifungo cha shati kana kwamba anamwandaa mtoto kwenda shule. "Usirudi bila ufunguo. Mwambie breki zimekufa. Mwambie lolote. Wewe ndiye fundi, wewe atakusikiliza."

"Nimdanganye mama yako?"

"Ukweli wako utamzika. Mdanganye."

Mama mkwe mwenyewe alijulikana mtaa mzima kama Mama Miwani. Kazi yake ilikuwa kupima macho. Kila wiki alifunga sanduku la lenzi nyuma ya pikipiki yake na kwenda kwenye vijiji ambavyo mpima macho hajawahi kufika kwa hiari yake, akawakalisha watu kwenye kiti, akawawekea lenzi hii na ile mpaka waseme "hapo hapo". Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Pikipiki yake ilikuwa kubwa, nzito, ya zamani, na breki zake hazikuwa kama breki za pikipiki nyingine. Zilikuwa na pampu ya umeme chini ya tangi. Ukigusa kishikio kwa vidole viwili tu, pampu inanguruma na kubana gurudumu kwa nguvu za mwanamume wa shoka. Aliinunua kwa sababu hiyo, mwaka uleule vidole vilipoanza kumwasi.

Mafundi hawazipendi breki hizo, na Fundi Dakika alikuwa wa kwanza kati yao. Pampu ikisumbua, gereji nyingi huing'oa na kuunganisha mipira ya mafuta moja kwa moja, pikipiki ikabaki na breki kama za wenzake. Yeye mwenyewe alikuwa ameshazing'oa nne. Ila breki isiyo na pampu inataka mkono uliokamilika, na huo ndio Mama Miwani hakuwa nao. Kumng'olea pampu ilikuwa sawa na kumnyang'anya ufunguo, kwa adabu zaidi kidogo.

Alimkuta uani. Sakafu ya saruji ilikuwa imefagiwa, pikipiki iko juu ya stendi ya katikati, shuka kuukuu limetandikwa chini yake. Sinia la jikoni lilibeba vifaa vyote vimepangwa, kikubwa mpaka kidogo. Mama Miwani alikuwa ameketi kwenye kigoda, miwani moja puani, nyingine imepandishwa juu ya paji la uso.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umekuja kunisaidia au umekuja kunipeleleza?"

"Nimekuja kukusalimu tu."

"Na mkoba wa spana. Kweli salamu siku hizi ni nzito." Alimsogezea kopo lililopinduliwa liwe kiti. "Kaa. Leo ni siku ya kubadilisha mafuta ya breki. Shika kurunzi, umulike pale nitakapokuonyesha, si pale unapotaka wewe."

Fundi Dakika alikaa akiwa na tabasamu moyoni. Alikuwa ameshaona wengi wanaotengeneza vyombo vyao nyumbani. Huanza na maringo Jumamosi, na Jumatatu huletwa gereji wakiburuta chombo, skrubu wamezifunga kwenye kitambaa na nyingine hawajui zilitoka wapi. Alijua atakachokiona. Basi akaangalia, na kadiri alivyoangalia ndivyo tabasamu lilivyomwishia.

Kwanza, mama yule hakufungua kitu kabla ya kukisafisha. Alichukua brashi ndogo ya rangi akafagia kuzunguka kifuniko cha kikopo cha mafuta mpaka hapakuwa na punje ya vumbi. Alilifunika tangi kwa taulo lililoloa, maana mafuta ya breki yakidondoka kwenye rangi huila mpaka bati. Betri alikuwa ameiunganisha kwenye chaji tangu alfajiri, kwa sababu pampu hula umeme vibaya, na betri ikichoka pampu nayo husukuma kivivu, ukadhani breki ni mbovu. Mambo hayo Fundi Dakika aliyajua. Aliyajua yote, na hakuwa akiyafanya.

Pili, spana. Vidole vya Mama Miwani havikuweza kukamata spana nyembamba, kwa hiyo kila moja alikuwa ameivisha kipande cha godoro na kuizungushia utepe hadi ikawa nene. Hakuikaza kwa vidole. Aliweka tako la kiganja, akaegemeza bega, na mwili wote ukafanya kazi ambayo vidole viliikataa. Skrubu ililegea taratibu, bila kukwaruzwa. Kule gereji kulikuwa na vijana wenye mikono kama koleo ambao skrubu hiyohiyo wangeikata kichwa.

Tatu, faneli. Hii ndiyo iliyomfanya Fundi Dakika asogeze kopo lake karibu. Mama mkwe alikuwa amechukua kifuniko cha zamani cha kikopo cha mafuta, akakitoboa, akakipachika shingo ya chupa kubwa iliyokatwa kitako, akaziba pande zote. Kikifungwa mahali pake, chupa husimama juu ya pikipiki ikiwa imejaa mafuta mapya.

"Unajua kwa nini?" alimuuliza.

"Pampu inakunywa haraka."

"Inakunywa kama ngamia. Kile kikopo chake ni kidogo, kinakauka hujapepesa macho. Kikikauka pampu inavuta upepo, na upepo ukishaingia humo ndani kuutoa ni kazi ya kulia." Alimwelekezea spana usoni, bila ugomvi. "Breki zenu mmezoea kuzipiga-piga. Hii hupigi. Unafungua skrubu, unagusa kishikio mara moja, kwa kidole kimoja, unahesabu mpaka tatu, unaachia, unafunga. Pampu ndiyo inayosukuma. Jicho lako ni la faneli. Mpira wa kutolea mafuta usiutazame, tazama faneli."

Alikuwa pia na daftari la shule, lenye jalada lililochakaa, maandishi makubwa ya mtu anayejua macho yatakavyokuwa baada ya miaka kumi. Kila mara aliyobadilisha mafuta ilikuwa humo: tarehe, kiasi kilichotoka, rangi yake, kishikio kilivyojisikia. Mara mbili kwa mwaka, miaka mitano, hakuruka hata moja. Fundi Dakika alifungua kurasa moja baada ya nyingine. Katika miaka yake kumi na sita hakuwahi kuona pikipiki iliyotunzwa hivyo, iwe katika gereji kubwa au ndogo, wala yeye hakuwahi kuitunza ya kwake hivyo. Alijisikia mdogo, na wakati huohuo alijisikia fahari kwamba ameoa katika nyumba ile.

Wakamaliza gurudumu la nyuma. Wakamaliza upande wa kulia wa gurudumu la mbele. Ndipo simu ikalia ndani. Ilikuwa ya mzee mmoja aliyekalia miwani yake, na Mama Miwani alihitaji kutafuta kadi yake ili amsomee vipimo.

"Malizia huu wa kushoto, baba," alisema akijinyanyua kwa goti moja kisha la pili. "Taratibu tu."

Akaachiwa. Hapo ndipo ilipotokea, na haikutokea kwa uzembe, maana angekuwa mzembe asingekuwa na jina mjini. Ilitokea kwa sababu mkono wake ulikuwa hodari. Alifunga ule mpira mwangavu kwenye skrubu, akaweka spana, akapeleka mkono wa kulia kwenye kishikio, na mkono ukafanya kile ulichokifanya mara elfu kumi bila kumuuliza mwenyewe: piga, piga, piga, shika, fungua. Mzoea punda hapandi farasi. Pampu ilinguruma kwa kila pigo. Yeye alikuwa anatazama mpira, kama wafanyavyo mafundi wote duniani, akifurahi kuona mafuta safi yanavyokimbia. Kisha sauti ya pampu ikabadilika, ikakoroma kama mrija unaovuta soda iliyokwisha.

Aliinua macho. Faneli ilikuwa kavu.

Alifunga skrubu, akajaza faneli, akaanza upya, sasa kwa kidole kimoja, sasa akihesabu mpaka tatu kama mwanafunzi. Povu likatoka kwenye mpira. Likapungua. Likaisha. Akafunga, akagusa kishikio: pampu ikanguruma, gurudumu likabanwa kimya, sawasawa kabisa. Aligusa tena, na tena. Hapakuwa na kasoro. Basi akajiambia kwamba kosa lililorekebishwa si kosa.

Mama Miwani alirudi akifuta mikono. "Vipi?"

"Safi, Mama. Imekwisha."

"Faneli haikukauka?"

"Hapana."

Neno lilitoka lenyewe. Hakuwa mtu mwongo. Lakini fundi wa miaka kumi na sita kukiri mbele ya mpima macho mwenye daftari la shule kwamba amefanya kosa aliloonywa robo saa tu nyuma, mbele ya mama wa mkewe tena, hilo lilikuwa kubwa kuliko koo lake. Mama alimwamini. Alifunga kifuniko, akakusanya vifaa, akapaka sabuni kwenye kila tone lililodondoka.

Wakanywa chai kwenye ngazi ya jikoni. Alimimina kwa mikono miwili, birika dogo jipya, na Fundi Dakika alijifanya haoni. Alikuwa akizungusha maneno kinywani, atakavyoanza habari ya ufunguo, mama mkwe akamkatia kazi.

"Najua alichokutuma mwanangu."

Fundi Dakika alipaliwa na chai.

"Usijisumbue, nimemzaa mimi," aliendelea Mama Miwani. "Anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Mimi pia naogopa, basi tu siwezi kuogopa kwa sauti, maana nikianza naye atazidi kuogopa. Njoo nikuonyeshe kitu."

Walisukuma pikipiki hadi kwenye uchochoro nyuma ya nyumba. Uchochoro uliteremka kidogo kati ya kuta mbili, ukanyooka mpaka kwenye lango la ghala lililofungwa. Katikati ya mteremko bomba la maji ya mvua lilishuka ukutani. Hatua kadhaa mbele yake, kwenye ukuta huohuo, palikuwa na mstari mmoja mweupe uliopakwa kwa rangi.

"Pampu ni umeme," Mama Miwani alisema, "na umeme huzima. Siku ukizima nikiwa njiani nitabaki na mkono wangu peke yake. Kwa hiyo kila nikimaliza kubadilisha mafuta nakuja hapa. Nazima swichi, naiachia kutoka juu, nikifika kwenye bomba nabana. Mguu haumo kwenye mtihani huu, mkono tu. Nikisimama kabla ya mstari, ninayo miezi sita mingine. Nikiupita, ufunguo nautoa. Sitangoja mtu aje kuniomba."

"Mwenye nyumba ya ukuta huu anajua mstari ni wa nini?"

"Anadhani napima mpaka wa kiwanja. Tangu niuchore hanisalimii."

Fundi Dakika alicheka. Kisha akawafikiria watu anaowajua, wanaume wazima, wanaokataa kuvaa kofia kwa sababu inawaharibia nywele. Na huyu hapa, amejitegea mtego mwenyewe na anaukanyaga kila baada ya miezi sita kwa hiari yake. Alimheshimu mno.

Mama Miwani alivaa kofia na glavu, akapanda, akazima swichi. Pikipiki ilianza kuteremka bila sauti isipokuwa ya matairi. Ilifika kwenye bomba. Fundi Dakika aliona mkono wa kulia unafunga, aliona bega linainama kuusaidia, mwili wote ukiegemea kile kishikio. Pikipiki ilipunguza mwendo. Haikusimama. Ilipita mstari mweupe polepole, kwa adabu, ikaenda kusimama urefu wa tairi mbili mbele yake.

Mama Miwani alitazama ukuta, akageuka kutazama tena kana kwamba mstari umesogea. Akashuka. Akavua glavu ya kulia, akautazama mkono.

"Basi," alisema. "Mkono huu umenisaliti."

Alichomoa ufunguo akauweka kwenye kiganja cha Fundi Dakika, akamkunja vidole juu yake. "Mpelekee mwanangu. Mwambie sikubishana. Jumanne kuna watu kumi na wanane walikuwa wananingoja, nitawapigia simu mmoja mmoja." Sauti yake ilikuwa imara mpaka alipofika kwa hao watu kumi na wanane, hapo ikatetemeka, akakohoa ili isijulikane.

Fundi Dakika alisimama na ufunguo mkononi. Kazi imekwisha, na haikumlazimu hata kudanganya. Alikamata usukani ili amsukumie pikipiki nyumbani, na mkono wake, kwa mazoea yaleyale, ukabana kishikio.

Kilizama. Kiliingia ndani laini, kikaingia tena, kikakaribia kugusa usukani kabla hakijapata cha kubana.

Aliachia, akabana tena. Alikuwa amevishika vishikio vya namna hiyo maelfu, na hakuna alichokijua vizuri zaidi ya hicho: ule ulikuwa upepo. Pampu ikiwa inafanya kazi hufidia upungufu wote, inasukuma mafuta mpaka kasoro ifunikwe. Ukiizima, kila kilichofichwa kinajitokeza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mkono wa mama mkwe ulikuwa umebana kwa nguvu zake zote, lakini ulikuwa unabana upepo wa Fundi Dakika.

Na hakuna aliyejua ila yeye. Alipiga hesabu haraka, kama ilivyo desturi yake. Akinyamaza, mkewe atalala usingizi leo. Mama atakuwa salama nyumbani, mbali na malori na mashimo. Vidole hivyo mwaka kesho au keshokutwa vitashindwa tu, sasa kuna ubaya gani kuwahi? Hajasema uongo wowote mpya. Ule wa faneli ulikuwa mdogo. Alikaribia kabisa kujishawishi, na angejishawishi kama asingetazama mbele.

Mama Miwani alikuwa ametangulia kupanda mteremko. Alitembea akiwa ameukamata mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, nyuma ya mgongo, akiuburuta kama mtoto aliyemwaibisha mbele za watu.

"Mama," Fundi Dakika aliita.

Alisimama.

"Si mkono wako. Kuna upepo kwenye breki. Niliacha faneli ikakauka ulipokwenda kwenye simu. Ulipouliza nikakuficha."

Mama Miwani alirudi hatua kwa hatua mpaka akawa mbele yake. Alivua miwani, jambo ambalo Fundi Dakika hakuwahi kuliona, na macho yake bila lenzi yalikuwa madogo na makali.

"Ulinidanganya."

"Ndiyo, Mama."

"Ukasimama hapo, ukanitazama nikiutukana mkono wangu."

"Ndiyo, Mama."

"Mkono uliowalea watoto wangu wote. Uliomlea mkeo." Midomo ilimtetemeka, na safari hii hakukohoa. "Hata wale wanaoniibia lenzi hawajanifanyia hivyo."

Fundi Dakika aliinamisha kichwa akangoja. Mama mkwe alimwacha aive kidogo kwenye aibu yake, kisha akavaa miwani.

"Sukuma. Ukifika uani ufunge faneli. Leo nitakaa mimi kwenye kopo, wewe kwenye kigoda."

Walikaa hapo mchana kutwa. Fundi Dakika alifungua skrubu, akagusa kishikio kwa kidole kimoja, akahesabu mpaka tatu kwa sauti kwa sababu alilazimishwa kuhesabu kwa sauti, akaachia, akafunga. Mama Miwani alitazama faneli bila kupepesa, akiijaza kabla haijafika nusu. Hakumsemesha. Mara kwa mara aligongagonga mpira wa breki kwa kishikio cha spana yake nene, kuanzia chini kwenda juu, akiubembeleza upepo uliojificha utoke. Mafuta yalitoka safi, yakatoka safi, yakatoka safi, na fundi yeyote wa mjini angefunga kazi na kwenda zake. Yeye alisema "tena".

Jua lilikuwa limehama upande wa pili wa ua pale kiputo kimoja kidogo cha upepo, kisha kingine, vilipopanda taratibu ndani ya mpira.

"Huyo," alisema Mama Miwani. Lilikuwa neno lake la kwanza baada ya saa nzima.

Vilifuatwa na vingine sita. Kisha havikutoka tena. Wakazima swichi, Fundi Dakika akabana kishikio. Kilisimama pale pale, kigumu, hakikusogea. Alitikisa kichwa kwa kustaajabu, akamwambia wazi kwamba katika maisha yake hajawahi kuona mtu mwenye subira ya kazi kama yeye. Mama mkwe alimwambia asifu kidogo, asukume zaidi.

Kwenye uchochoro Fundi Dakika aliogopa kuliko mara ya kwanza. Sasa hapakuwa na upepo wa kusingizia. Akiupita mstari safari hii, utakuwa ni mkono kweli, na yeye ndiye atakayelazimika kusema hivyo. Alijiapiza kimoyomoyo kwamba atasema.

Pikipiki iliachiwa. Ikafika kwenye bomba. Mkono ukafunga, bega likainama, na lile dude zito likashusha pua na kusimama. Fundi Dakika alikimbia, akapiga magoti ukutani, akaweka kiganja chini kati ya tairi na mstari. Kiganja kilienea.

"Kimoja," alisema, akicheka kwa furaha asiyoweza kuizuia. "Kiganja kimoja, Mama. Umesimama."

Mama Miwani hakucheka. Alikuwa akipumua kwa nguvu ndani ya kofia. "Mara iliyopita vilikuwa vitatu," alisema. "Uandike hivyo hivyo. Na lile la faneli nalo uliandike."

Aliandika yote mawili, kwa herufi kubwa, akiwa ameliegemeza daftari kwenye kiti cha pikipiki. Kisha akachomoa ufunguo kwenye swichi na kuurudisha kwa mikono miwili. Mama Miwani aliupokea kwa mkono wa kulia.

Mkewe alikuwa anamngoja mlangoni, kiganja tayari kimefunguliwa.

"Ufunguo?"

"Alinipa."

"Uko wapi?"

"Nimemrudishia."

Aliketi kwenye kizingiti akamweleza moja baada ya jingine, hakuruka kitu: faneli, uongo, mstari, kishikio kilichozama, viganja vitatu vilivyobaki kimoja. Mkewe alianza kusikiliza akiwa amesimama na mikono kiunoni. Fundi Dakika alipofika pale mama aliposema "sikubishana", mke akakaa chini kando yake. Alilia kidogo, bila kujificha.

"Alikuwa ameshautoa mwenyewe," alisema hatimaye. "Mimi nilichotaka kilikuwa mkononi mwako. Ungenyamaza tu."

"Ningenyamaza," alisema Fundi Dakika, "angekaa nyumbani maisha yake yote akiulaumu mkono ambao haujakosa."